Nani Huyo Kando ya Mfupa?

Kwenye chumba cha habari kuna kosa ambalo halisameheki hata kwa mwandishi wa wiki ya kwanza: kupeleka picha bila majina. Mhariri atakurudishia na swali moja tu, nani huyu? Ukijibu "ni mkulima tu", atakwambia mkulima ana jina, rudi ukamuulize. Ndiyo maana magazeti yetu yamejaa yale mabano ya "kutoka kushoto", "wa pili kulia", "aliyesimama". Msomaji wa kawaida anayaruka. Aliyeandikwa humo hayaruki. Atalikata gazeti, atalihifadhi kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vyeti, na siku atakapofariki watoto wake watalitoa sandukuni na kulionyesha wageni.

Kwa kanuni hiyo hiyo nataka kuwapima maprofesa waliokuja kwetu na kamera katika miongo minne ya kwanza ya karne iliyopita. Walipiga picha za mashimo, mifupa, mafuvu, ngoma na nyuso, wakarudi kwao na makasha ya vioo. Leo picha hizo ni hazina ya makumbusho. Tunaziona vitabuni, tunaziona kwenye filamu za historia, na huko mitandaoni zinazunguka na maneno "babu zetu enzi za Mjerumani" na emoji ya moto. Nyingi hazina jina la mtu hata mmoja.

Huwa tunaambiwa hayo ni mapungufu ya zamani, karani alisahau, utaratibu ulikuwa bado. Mimi sikubali. Picha isiyo na jina haina mrithi, na picha isiyo na mrithi inabaki kuwa mali ya aliyeishika. Kuacha jina kulimfaa mtu, na kunamfaa hadi leo.

Tuanzie Lindi, kwa sababu ndiko kwenye ushahidi.

Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, alipeleka habari za mifupa mikubwa iliyokuwa imejitokeza ardhini karibu na kilima cha Tendaguru. Vitabu hupenda kusema "aligundua". Wamwera waliokuwa wakilima na kupita pale walikuwa wanaijua mifupa hiyo, ila hawakuwa na jarida la kuandikia. Mwaka uliofuata akaja Eberhard Fraas kuangalia. Kisha makumbusho ya Berlin yakatuma msafara mkubwa uliofanya kazi kuanzia 1909 hadi 1913, kwanza chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, baadaye Hans Reck. Waliondoka na zaidi ya tani 200 za mifupa. Humo ndimo alimotoka yule mjusi tunayempigia kelele kila baada ya miaka michache, aliyesimamishwa Berlin mwaka 1937, kichwa chake kikiwa zaidi ya mita 13 juu ya sakafu.

Nani alichimba? Mwaka 1911, msimu wa kazi nyingi, wafanyakazi walifika karibu 500. Wengi walikuja na wake na watoto wao. Na kumbuka tarehe, msomaji. Vita vya Majimaji viliisha 1907. Kusini nzima ilikuwa imechomewa maghala na mashamba, na njaa iliua watu wengi kuliko risasi. Mtu aliyeshika jembe Tendaguru mwaka 1909 alikuwa ametoka kuzika ndugu. Alihitaji ule mshahara, hata uwe mdogo kiasi gani. Walichimba, wakaifunga mifupa, wakaibeba vichwani na mabegani kwa siku kadhaa za miguu hadi bandari ya Lindi.

Kazi yote hiyo ilipigwa picha. Kuna picha za mistari ya wapagazi, kuna picha za mashimo, kuna picha za watu wamesimama au wamechuchumaa kando ya mfupa wa paja au wa bega ambao ni mrefu kuliko wao. Ni picha nzuri, lazima tukiri. Mwanga umetulia, mfupa umesafishwa vizuri, mtu ametazama lenzi bila kupepesa.

Sasa angalia yule mtu anafanya nini pale. Mtaalamu wa akiolojia au wa visukuku anapopiga picha ya kitu kilichomo ardhini, huweka kando yake kipimo: rula, fimbo yenye alama, nyundo, chochote chenye urefu unaojulikana, ili anayetazama akiwa mbali aelewe ukubwa. Ni utaratibu mzuri na unatumika hadi leo. Tendaguru, mara nyingi kipimo kilikuwa binadamu. Amewekwa pale ili profesa wa Berlin aseme "lahaula, mfupa gani huu!" Mfupa una namba, una jina la shimo, una mwaka. Aliyeuchimba hana kitu.

Rula haihitaji jina. Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia.

Kuna watakaosema, na nimewasikia wakisema, kwamba Wajerumani wale hawakuyajua majina. Eti watu walikuwa wengi, wanakuja na kuondoka. Huwezi kuendesha kambi ya watu mamia, kila mmoja na ujira wake, bila kujua nani ni nani. Tena majina yapo kwenye maandishi ya msafara wenyewe. Msimamizi mkuu wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani, fundi aliyejua kuitoa mifupa ardhini bila kuivunja kuliko wageni wengi waliokuja na shahada. Kulikuwa na Mohammadi Keranje, msimamizi mwingine. Majina yalijulikana, yaliitwa asubuhi na jioni, yaliandikwa daftarini. Yalipofika kwenye picha yakaishia njiani.

Ukitaka kujua majina yalikuwa na thamani gani kwa wataalamu wale, angalia walivyowaita mijusi wao. Yule mrefu wa Berlin aliitwa *brancai* kwa heshima ya Wilhelm von Branca, mkurugenzi wa makumbusho. Sattler naye akapata jina lake kwenye mjusi mwingine. Janensch akaja kupata jenasi nzima, *Janenschia*. Yaani wale watu walielewa sana kwamba jina ni kumbukumbu, ni heshima, ni urithi. Waligawana.

Boheti alisubiri hadi mwaka 2007, pale mtaalamu wa Kijerumani Kristian Remes alipomwita mjusi mmoja wa Tendaguru *Australodocus bohetii*. Hiyo ni miaka 94 baada ya msafara kufunga mizigo. Keranje alisubiri hadi 2019. Mkia uliokuwa umehesabiwa miaka mingi kuwa ni wa *Janenschia* ulichunguzwa upya, ukaonekana ni wa mnyama tofauti, ukaitwa *Wamweracaudia keranjei*: mkia wa Wamwera, wa Keranje. Nawapongeza waliofanya hivyo, kwa dhati kabisa. Ila tujiulize, waliwezaje? Waliweza kwa sababu majina yalikuwa yameandikwa mahali. Wale mamia wengine waliosimama kando ya mifupa bila kuandikwa, nani atawaita kwa jina, na kwa ushahidi gani?

Mtu anaweza kunijibu kwamba Tendaguru ilikuwa kazi ya mifupa, na kwamba mpiga picha alikuwa anamtazama mnyama. Haya, twende kwa yule aliyekuja kuwatazama watu.

Mwaka 1906, miaka mitatu kabla ya msafara wa mijusi na katika nchi ile ile ya kusini, alifika Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig. Alipita Masasi, Chingulungulu, Newala. Alikuja na kamera, mashine ya filamu na fonografu ya kunasa sauti kwenye nta, vifaa vya kisasa kabisa kwa wakati ule, na alisindikizwa na askari. Majimaji ilikuwa haijapoa. Mwanamke wa Kimakonde aliyeambiwa asimame mbele ya kile kisanduku chenye miguu mitatu alikuwa anaona na bunduki nyuma yake. Tukizungumza habari za "ridhaa" katika picha zile, tuanzie kwenye zile bunduki.

Kitabu chake kilitoka 1908, na tafsiri ya Kiingereza mwaka mmoja baadaye. Ukipekua picha zake utaona jambo linalofundisha. Matola, mtawala wa Wayao, ametajwa kwa jina. Watu wa kawaida wengi wameandikwa kwa kabila: Mmakua, Mmakonde, Myao. Mtawala ni mtu. Mtu wa kawaida ni sampuli. Na hapa naomba tusijifanye hatuioni: hiyo ndiyo kanuni ile ile ya kurasa zetu za mbele leo, ambapo mheshimiwa anatajwa kwa jina na cheo kamili, na watu mia tatu waliosimama juani nyuma yake wanaitwa "wananchi wakimsikiliza". Tutarudi hapo.

Weule hakuibuni kanuni hiyo. Aliikuta. Mwaka 1869 mwanasayansi wa Uingereza T. H. Huxley alipendekeza watu wa makoloni wapigwe picha kwa utaratibu mmoja: uchi, wima, mbele na ubavuni, na kipimo kando. Mwaka huo huo J. H. Lamprey akatangaza mbinu ya kumsimamisha mtu mbele ya fremu iliyosukwa nyuzi za hariri zikifanya miraba ya inchi mbili, ili mwili usomeke kama ramani. Kwa hiyo usidhani kosa la Lindi lilikuwa la mpigapicha mmoja mvivu. Ilikuwa sayansi yenye maelekezo, na katika maelekezo hayo mtu mmoja mmoja hakuwa swali. Swali lilikuwa "aina". Aina haina mama, haina kijiji, na haina mjukuu atakayekuja kubisha hodi makumbusho.

Watetezi wa picha hizi wana hoja moja wanayoipenda sana: picha ni ushahidi, na ushahidi wa kisayansi haufungamani na majina. Sawa. Tuipeleke hoja hiyo Kenya tuone.

Louis Leakey, kabla hajawa Leakey tunayemsoma shuleni, alianzia kazi za uchimbaji hapo hapo Tendaguru mwaka 1924, kijana katika msafara wa makumbusho ya Uingereza. Alichukuliwa kwa sababu aliijua Afrika Mashariki na lugha zake. Mwaka 1932, huko Kanam kando ya Ziwa Viktoria, mmoja wa wachimbaji wake, Juma Gitau, alitoa kipande cha taya ambacho Leakey aliamini ni cha binadamu wa kale sana. Taya lilipelekwa Uingereza, likasifiwa, likaonyeshwa pamoja na picha ya mahali lilipotoka.

Mwaka 1935 mwanajiolojia Percy Boswell akaenda mwenyewe kuhakiki. Leakey hakuweza kumwonyesha mahali penyewe kwa uhakika. Vigingi vya chuma alivyoviacha kama alama vilikuwa vimeng'olewa. Na ile picha ikaonekana si ya pale, ni ya sehemu nyingine kabisa. Kamera ya Leakey ilikuwa imeharibika, picha zake za eneo hilo hazikutoka, akatumia iliyopigwa na mtu mwingine. Boswell akaandika kwenye jarida la *Nature*, na jina la Leakey likachafuka kwa miaka.

Kisa hiki husimuliwa kama somo la uangalifu. Mimi nakisoma kama kisa cha imani. Sayansi iliyoaminishwa kwamba kamera haidanganyi iliweka uzito wote kwenye karatasi, ikachukulia mkono ulioshika sururu kama sehemu ya vifaa. Picha haijui ilipigwa wapi. Maelezo yaliyo chini yake ndiyo yanayojua, na maelezo huandikwa na mtu, na mtu hukosea au huchagua. Kama maelezo ya mahali yaliweza kuwa ya uongo na dunia ya wasomi ikatikisika, mbona maelezo ya watu yanapokuwa matupu hakuna anayetikisika?

Kuna picha nyingine nitakazozitaja, za mbali na kwetu, kwa sababu zinaonyesha jina linafanya kazi gani.

Mwaka 1850, mjini Columbia, South Carolina, mpigapicha Joseph Zealy aliwapiga picha watumwa saba kwa agizo la profesa Louis Agassiz wa Harvard, aliyetaka kuthibitisha kwamba watu weusi ni aina tofauti ya viumbe. Waliwavua nguo. Mmoja alikuwa mzee anayeitwa Renty, na karatasi iliyobandikwa kwenye picha yake ilimtaja kwa jina, ikaongeza neno "Congo". Binti yake Delia naye alipigwa. Picha zilisahaulika hadi zilipoibuliwa mwaka 1976 katika jumba la makumbusho la chuo hicho.

Tamara Lanier alikua akisikia nyumbani kwao habari za mzee wa ukoo, Papa Renty, aliyetoka Afrika. Mwaka 2019 alikishtaki Chuo Kikuu cha Harvard akidai picha za mababu zake. Mwaka 2022 mahakama kuu ya Massachusetts ikaruhusu sehemu ya madai yake iendelee, ile ya maumivu aliyosababishiwa na namna chuo kilivyomjibu. Mwaka 2025 pande mbili zikapatana, na picha zikapangiwa kuondoka Harvard kwenda makumbusho ya Wamarekani Weusi huko Charleston, katika jimbo lile lile walikopigiwa picha.

Angalia kilichofungua mlango. Mwanasheria peke yake asingeufungua, wala siasa, wala hasira zetu za mitandaoni. Ni herufi tano zilizoandikwa kwenye karatasi, R-e-n-t-y, zikakutana na hadithi iliyosimuliwa jikoni kwa vizazi. Bila zile herufi, Lanier angekuwa mwanamke mwenye simulizi tu na chuo kingekuwa chuo chenye picha. Ndiyo maana nasema jina linalokosekana linamfaa mtu. Linamlinda mwenye kabati.

Najua majibu yatakayokuja. Tuyapitie.

La kwanza: "Zilikuwa enzi zile, usiwahukumu kwa macho ya leo." Boheti aliishi enzi zile zile, na jina lake liliandikwa enzi zile zile. Howard Carter, aliyelifukua kaburi la Tutankhamun kuanzia mwaka 1922, aliwashukuru wanyapara wake wa Kimisri kwa majina kitabuni, akina Ahmed Gerigar, huku wafanyakazi kwenye picha maarufu za Harry Burton wakibaki vivuli vya watu. Elimu ya kuandika jina ilikuwepo. Walichagua nani wa kumwandika na wapi.

La pili linatoka kwa wenzetu wenye uchungu: "Picha hizo ni udhalilishaji, zifungiwe, zichomwe." Uchungu huo nauheshimu. Zipo picha za wanawake na wasichana waliovuliwa nguo ambazo hakuna mtu mwenye akili timamu anapaswa kuzirusha mtandaoni ili apate "likes". Lakini ukizichoma zote umemalizia kazi aliyoianza Huxley. Kwa familia nyingi za kusini, picha ya msafara inaweza kuwa ndiyo sura pekee ya babu iliyobaki duniani. Uamuzi wa kuonyesha au kufunika ni wa wajukuu, na wajukuu hawawezi kuamua juu ya picha ambazo hawajawahi kuziona.

La tatu ndilo linaloniudhi, kwa sababu ni la kwetu: "Kwanza tudai mjusi arudi, mengine baadaye." Tangu nimeanza kazi hii mjusi amekuwa habari ya msimu. Anatajwa bungeni, anachorwa katuni, anahesabiwa ameingiza euro ngapi, kisha analala. Sina ugomvi na wanaomdai. Ila kumrudisha ni kazi ya mikataba, majengo, mabilioni na miaka. Nakala za picha zinaweza kuingia kwenye kifaa kinachokaa mfukoni. Hazihitaji meli, hazihitaji ukumbi wenye dari la mita 15. Na bado sijamsikia mwanasiasa hata mmoja akisimama kusema: tuleteeni picha za watu wetu, na tuleteeni madaftari yenye majina yao. Tunamlilia mnyama aliyekufa miaka milioni 150 iliyopita, na hatumuulizii mtu aliyembeba.

Ukweli ni kwamba mnyama anaingiza watalii. Mtu aliyembeba anaingiza maswali.

Wenzetu wengine wameshafanya. Huko Kanada, mwanzoni mwa miaka ya 2000, vijana wa Ki-Inuit kutoka Nunavut walishirikiana na hifadhi ya taifa ya nyaraka kuzipeleka picha za zamani kwa wazee wao, picha ambazo maelezo yake yalikuwa ni "Eskimo" tu. Wazee wakaanza kutaja: huyu ni fulani, huyu ni shangazi, huyu alifariki mwaka ule wa ugonjwa. Mradi huo bado unaendelea, na unaitwa kwa jina linalosema lote: Mradi wa Majina. Afrika Magharibi, Paul Basu na wenzake walizirudisha Nigeria na Sierra Leone picha zilizopigwa na Northcote Thomas, mwanaanthropolojia wa serikali ya Uingereza, kati ya 1909 na 1915, miaka ile ile ya Tendaguru. Thomas aliwashikisha watu vibao vya namba, lakini alikuwa na rejista. Namba zikasomwa na rejista, watu wakawaona mababu zao, wengine kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo tusidanganyane kwamba haiwezekani. Inahitaji nauli, karatasi na uvumilivu wa kukaa kwenye mkeka na kusikiliza.

Ninachotaka kiko hivi. Makumbusho ya Berlin na Leipzig yatoe nakala za picha zote zilizopigwa Lindi, Masasi na Newala, pamoja na nakala za madaftari, barua na orodha zozote za wafanyakazi. Zisiishie Dar es Salaam kwenye kabati la ofisi. Ziende Lindi na Mtwara. Zichapwe kwenye karatasi, kubwa, kwa sababu mzee mwenye mtoto wa jicho hatamtambua babu yake kwenye kioo cha simu. Maelezo yaandikwe kwa Kiswahili. Mtu wa Mipingo akitafuta leo habari za kilima kilicho jirani na shamba lake, anakutana na Kijerumani na Kiingereza. Na pale jina lisipopatikana, maelezo yaseme hivyo waziwazi: "Mchimbaji, jina lake halikuandikwa." Neno "mwenyeji" liondoke. Linaficha kwamba kulikuwa na mtu wa kuandika na hakuandika.

Kwetu sisi wa magazeti, wachapishaji na waandaaji wa filamu: tuache kuzitumia picha hizi kama maua ya mezani. Unataka kupamba sura ya Majimaji kwenye kitabu chako, ukachukua picha ya mpagazi wa Tendaguru, ukaandika chini "Picha kwa hisani ya makumbusho fulani". Hisani ya nani? Aliyesimama juani mwaka 1910 ndiye aliyetoa hisani, na humtaji. Halafu kesho yake tunaandika "wananchi wakishangilia". Kanuni ya Weule hatukuirithi makumbusho, tunaiendesha wenyewe kila siku, kwa Kiswahili fasaha.

Na tuharakishe. Kijana aliyekuwa na miaka 20 Tendaguru mwaka 1910 alizaliwa karibu na 1890. Watoto wake wameshazikwa. Wajukuu waliokaa miguuni pake, wakaisikia sauti yake, wakaiona namna alivyoinamisha kichwa, sasa wako kwenye miaka ya sabini na themanini. Hao ndio watu wa mwisho duniani wanaoweza kuitazama picha na kusema kwa uhakika, huyu ni babu. Kila masika wanapungua. Mjusi amesubiri miaka milioni 150, anaweza kusubiri bajeti ijayo. Wao hawawezi.